Saa za Ziada za Mpokeaji

Watu husema ulimi uliponza kichwa. Mimi ulimi ninao, tena mrefu, lakini kilichoniponza ni rula na penseli. Na laiti kingeniponza peke yangu. Kilianza na wifi yangu, mke wa kaka yangu, mtu ninayeishi naye nyumba moja na kupokezana naye sufuria jikoni.

Tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga, mimi karani, yeye mpokeaji. Kila siku ya kazi, saa kumi alasiri, gari huleta mayai kutoka mashambani yakiwa yamepoa. Mpokeaji huyashusha trei kwa trei, huyakagua moja moja na kuyatenga yaliyopasuka. Karani huhesabu, huandika kadi ya kundi, kisha hufungua chumba cha baridi yaingie. Baada ya siku mbili fundi huyatia kwenye mashine, na siku ya ishirini na moja vifaranga hutoka. Ile kadi hulifuata kundi lake tangu kupokelewa hadi mwisho. Utakuta imeandikwa nani alipokea, alikaa saa ngapi za ziada siku hiyo, na kila mayai mia yalitoa vifaranga wangapi.

Ufunguo wa chumba cha baridi ulikuwa wangu. Mwaka uliotangulia trei kadhaa ziliyeyuka humo ndani zisijulikane zilikokwenda, meneja akatoa amri: ufunguo ni wa karani, hauazimwi kwa yeyote, na hakuna yai litakalovuka mlango ule kabla karani hajaliandika. Nilitia sahihi. Na mimi nikishatia sahihi jambo, hata mama yangu mzazi hanibadilishi.

Meneja tulimwita Bwana Asilimia, kwa mafumbo, ingawa nadhani alijua. Kituo kilizoea kutoa vifaranga themanini na tatu kwa kila mayai mia. Kidogo kidogo, ndani ya miezi mitatu, tukateremka hadi sabini na tano. Wafugaji wakaanza kununa, makao makuu wakaandika barua ya kuuliza, na Bwana Asilimia akatukusanya Ijumaa moja akatuambia kwamba kushuka huku kuna sababu, sababu hiyo ina miguu, na hiyo miguu ataitoa nje mwenyewe. Kila mtu alitazama viatu vyake.

Wakati huo nilikuwa mwezi wa nne ninasoma takwimu. Lilikuwa darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi, mbali kidogo, kwa hiyo siku hizo nilikuwa natoka kazini saa tisa na nusu, kabla gari la mayai halijafika. Ruhusa sikuomba. Meneja alasiri zote alikuwa akizungukia mashamba, nani angejua? Nilimwambia wifi anishikie zamu, naye akakubali bila maneno. Anapokea, anakagua, anakaa na trei mpaka mlinzi wa usiku aingie, na mimi asubuhi saa moja nafika, nahesabu, naandika, naingiza. Mambo yalikwenda hivyo, na sikuyafikiria tena.

Basi mwalimu akatupa kazi ya nyumbani. Tutafute vigeu viwili mahali tunapofanyia kazi, yaani vitu viwili vinavyobadilika na kuhesabika, tuvichore kwa nukta, kisha tutafute kipimo cha uhusiano wake. Kipimo hicho ni namba moja tu. Ikikaribia moja, vigeu vinapanda pamoja na kushuka pamoja. Ikikaribia hasi moja, kimoja kikipanda kingine kinashuka. Ikiwa karibu na sifuri, kila mmoja na njia yake, hawajuani.

Nilichukua kadi arobaini za makundi yaliyokwisha kutotoka. Nilijaribu uzito wa mayai, nukta zikatapakaa ovyo. Nilijaribu umri wa kuku, hivyo hivyo. Kisha nikajaribu saa za ziada. Chini nikaandika "Saa za ziada za mpokeaji", pembeni nikaandika "Vifaranga kwa mayai mia", nikaanza kuweka nukta moja baada ya nyingine. Jamani! Zilianzia juu kushoto zikateremka hadi chini kulia kama ngazi. Nikapiga hesabu mara mbili: hasi sifuri nukta nane moja. Nilipiga meza kwa furaha. Nikaandika sentensi chini yake kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: "Saa za ziada za mpokeaji zinapunguza vifaranga." Nasema kweli yangu, wakati naandika "mpokeaji" sikumwona wifi. Niliona neno tu.

Ningeupeleka mchoro kwa mwalimu siku ya Jumanne, yangeishia hapo. Lakini kiherehere changu! Jumatatu wakati wa chakula cha mchana niliuingiza ofisini kwa Bwana Asilimia. Nilitaka anione. Miaka sita nimemjazia kadi, hajawahi kuniuliza nafikiri nini.

Akautandaza mezani. Kisha akauliza mpokeaji ni nani, kana kwamba tuna wapokeaji kumi. Nikamjibu ni yule yule mmoja. Hapo ndipo nilipomwona wifi ndani ya lile neno. Akaufuata mteremko wa nukta kwa kidole, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Akataka kujua mtu anabaki na mayai peke yake saa tatu, saa nne, anafanya nini nayo. Anabadilisha mazuri na mabovu? Anayauza? Mimi nikaanza kubabaika, nikamwambia huo ni mchoro wa darasani tu, na mpokeaji ni mke wa kaka yangu, namjua hana mkono mrefu.

"Hesabu haina undugu," akasema. "Alhamisi saa nne nitamwita. Wewe andaa barua ya kumwachisha kazi, sababu ni uzembe uliothibitishwa na takwimu. Huu mchoro nabaki nao."

Barua ya uzembe kwenye kazi yetu ni kitanzi. Vituo vyenyewe vinahesabika, mameneja wanapigiana simu, na mpokeaji aliyefukuzwa kwa kuharibu mayai hapokelewi tena mahali popote. Wifi hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Kaka yangu mgongo ulikuwa umemkalisha nyumbani mwaka wa pili, na watoto wawili walikuwa shuleni. Mshahara wangu na wa wifi ndio uliowasha jiko. Nami nilikuwa nimejipalia makaa, tena nimempalia na yeye.

Jumanne asubuhi, bila kungoja hiyo Alhamisi, meneja alimwita wifi kumuuliza kuhusu saa zile. Niliwasikia kupitia ukuta wa mbao. Alimuuliza anabaki kufanya nini. Wifi akajibu anapokea mayai. Akamuuliza tena, kwa sauti ya juu, na wifi akajibu vile vile, anapokea mayai. Basi. Akapita mbele ya meza yangu akaenda kuosha trei, hakuniangalia.

Nilijua kuna kitu hakikai sawa, ila sikujua nikishike wapi. Saa tisa na nusu nikachukua mkoba wangu nikaenda darasani kama kawaida, safari hii kwa mbio, nikiwa na nakala ya mchoro. Nilitaka mwalimu aniambie nimekosea hesabu. Niliomba nimekosea. Mtu unasoma miezi minne ili siku moja uombe umepata sifuri.

Mwalimu alikagua kila mstari, akaweka alama ya vyema. Hesabu ilikuwa sahihi. Kisha akashika kalamu akalikata neno moja kwenye sentensi yangu ya chini, neno "zinapunguza". Akasema nukta zimesema vitu hivi viwili vinatembea pamoja, hazijasema nani anamvuta mwenzake. Akatoa mfano wa nyumba yenye dawa nyingi kabatini kuwa ndiyo yenye wagonjwa wengi, akauliza darasa kama dawa ndizo zinazoleta ugonjwa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Huyu mpokeaji wako," akaniuliza, "siku anazobaki, anabaki kwa sababu gani?"

"Anabaki kwa sababu mimi," nikaanza.

Anabaki kwa sababu mimi nimeondoka. Na nimeondoka na ufunguo. Na mayai yanalala nje. Nilimwona mwalimu midomo ikicheza, sikusikia alichosema. Nikatazama saa ya ukutani: saa kumi na moja na robo. Mayai ya siku ile yalikuwa yamekwisha kushushwa na yako mapokezi, na ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba juu ya mapaja yangu. Nikainuka, sikuaga hata.

Nilifika kituoni jua halijazama. Chumba cha mapokezi kina paa la bati na dirisha moja, na kutwa nzima huwa kimelipokea jua. Wifi alikuwa amekaa juu ya kasha tupu katikati ya trei, ameziwekea vitambaa vilivyoloweshwa, na feni ndogo ameielekeza upande mmoja, kila baada ya muda anainuka kuigeuza upande mwingine. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa nikashika yai. Lilikuwa vuguvugu kama limetoka chini ya kuku.

"Leo hukusoma?" akaniuliza.

Nilifungua chumba cha baridi tukaingiza trei wawili sisi, na huku tukiingiza kumbukumbu zikaanza kunirudia moja moja, bila huruma. Wiki ya kwanza aliniomba nimwachie ufunguo. Nikamkumbusha amri. Wiki ya pili akaniomba tena, akasema mapokezi kuna joto mno. Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba yeye kazi yake ni kupokea, joto amwachie fundi. Mimi huyo, ninayetoroka kazini mara mbili kwa wiki, ndiye niliyemsomea mwenzangu amri.

Jumatano asubuhi nilimfuata fundi wa mashine, nikamuuliza kana kwamba ni udadisi tu: yai lililofika limepoa, likalala kwenye joto usiku mmoja, kisha likatiwa baridini, linakuwaje? Fundi ni mtu wa maneno machache. Alisema kile kilichomo ndani kinadhani kimeitwa, kinaanza kuamka, halafu unakizimia taa. Mengi hayaamki tena. Akaniuliza kwa nini, nikasema nasoma.

Nikajifungia na zile kadi arobaini na penseli nyekundu. Nilizipanga upya. Kila kundi lililopokelewa Jumanne au Alhamisi nililitia nukta nyekundu, mengine nikayaacha na nyeusi. Nyekundu zilitoka kumi na sita, nyeusi ishirini na nne. Na ule mteremko wangu wa ajabu ukavunjika mbele ya macho yangu. Nyeusi zote zilikusanyika juu, kwenye themanini na kitu, wifi akae dakika tano akae saa nzima, hapakuwa na mpango wowote. Nyekundu zote zilirundikana chini, kwenye sitini na kitu, nazo wifi akae saa tatu akae saa nne na nusu, hapakuwa na mpango. Ndani ya kila rundo saa zake hazikuhusiana na kitu. Nilichokuwa nimekiona kuwa ni mstari kilikuwa marundo mawili yaliyokaa mbali, na aliyeyatenga ni mimi.

Mchana Bwana Asilimia akachungulia mlangoni kuuliza barua imefika wapi. Nikaichapa. Nilichapa jina kamili la wifi yangu, herufi baada ya herufi, na neno "uzembe" chini yake. Sitaki kujisafisha hapa. Nilipoikunja barua ile wazo lilinijia kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua. Wifi mwenyewe hasemi. Kazi yangu ingebaki, na ningewalisha wote kwa mshahara mmoja, kwa kubana. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kilichonitoa pale hakikuwa wema, ilikuwa hasira. Nilijichukia vile ninavyomchukia mtu anayeniibia.

Nikarudi kwenye kadi kutafuta kitu kimoja zaidi. Nilijua Bwana Asilimia atasema namtetea ndugu yangu. Nilihitaji siku ambayo mimi sikuwepo na wifi pia hakuwepo. Nikaipata. Wiki tatu na siku moja nyuma, Jumanne, mtoto wa wifi alipandwa na homa, wifi akaomba ruhusa saa sita, na mayai yakapokelewa na mlinzi wa mchana. Kadi yenyewe, sehemu ya mpokeaji, ilikuwa na mwandiko wa mlinzi, herufi kubwa kama za mtoto, na penye saa za ziada za mpokeaji pameandikwa sifuri. Mimi siku ile nilikuwa darasani, na ufunguo. Kundi lile halikuwa kwenye mchoro wangu kwa sababu lilikuwa bado ndani ya mashine. Nikahesabu siku kwa vidole, mara mbili. Lilikuwa linatoka kesho yake, Alhamisi.

Alhamisi saa nne tulikaa ofisini watu wanne: meneja, fundi kama shahidi, wifi na mimi. Barua ilikuwa juu ya meza imegeuzwa chini. Wifi alivaa gauni lake la kutokea. Alijua. Mtu hakwambii, lakini unajua.

Bwana Asilimia alianza kwa kuuonyesha mchoro wangu wa kwanza. Alimwelezea wifi nukta zile, akamwambia kwamba zinaonyesha wazi kadiri anavyobaki ndivyo mayai yanavyokufa, akamtaka aseme anayafanyia nini. Wifi aliutazama mchoro, akasoma maneno ya chini, na nikamwona akiutambua mwandiko. Akageuza macho taratibu akaniangalia. Kwa yale macho ningependelea anizabe kofi.

Nikasimama. Nikauweka mchoro wa pili juu ya ule wa kwanza.

"Hizi nyekundu ni nini?" akauliza meneja.

"Ni siku ambazo mimi sikuwepo. Niliondoka saa tisa na nusu, na ufunguo. Mayai yalilala mapokezi."

"Ulikuwa wapi?"

"Darasani."

"Darasa la nini?"

"La takwimu."

Fundi alikohoa. Meneja hakukohoa wala hakucheka. Nikamweleza yote bila kupunguza: jinsi wifi alivyobaki kulinda kilichotakiwa kuwa ndani ya baridi, jinsi saa zake zilivyopanda kwa sababu mimi nimetoroka, na vifaranga wakashuka kwa sababu hiyo hiyo. Nikasema kigeu cha tatu, kile nilichokisahau kukichora, ni mimi.

Bwana Asilimia aliegemea kiti. Alisema Jumatatu nilimletea mstari, akauamini. Leo namletea rangi. Kesho nitamletea nini? Alisema mke wa kaka ni mke wa kaka, na watu wamewahi kujitwisha makubwa kuliko haya kwa ajili ya familia. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na ndivyo nilivyotarajia.

"Kundi linalotoka leo," nikamwambia, "wifi ana sifuri. Kama yeye ndiye anayeua, litatoka vizuri kuliko yote. Kama ni mimi, halitafika sabini. Twende tukahesabu."

Akanitazama. Nadhani ni mara ya kwanza katika miaka sita aliniona. Kisha akainuka, barua akaitia mfukoni.

Chumba cha kutotolea kina makelele ambayo mtu wa nje hayazoei, maelfu ya midomo midogo inalia kwa pamoja, na joto linakubandika nguo mwilini. Fundi akavuta vikapu kumi vya kundi lile, kila kimoja kilikuwa na mayai mia. Tukakubaliana yeye ahesabu, meneja aandike, sisi wawili tusiguse kitu. Wifi alisimama upande wa pili wa toroli, mikono ameikunja kifuani.

Kikapu cha kwanza: themanini na nne.

Meneja aliandika polepole, akanitupia jicho. Kama kundi lote lingetoka hivyo, barua ile ingebaki na jina lililomo, na mimi ningekuwa nimemzika wifi kwa mikono miwili, mara ya kwanza kwa kiherehere na mara ya pili kwa kujifanya shujaa. Nilitaka kusema kwamba nukta moja haifanyi mstari, lakini fundi alikuwa ameshashika kikapu kingine.

Kikapu cha pili: sitini na moja. Cha tatu: hamsini na nane. Sitini na sita. Sitini na tatu. Fundi alikuwa akiyaweka pembeni mayai yaliyokataa, safi, mazima, yamenyamaza, na rundo likapanda. Hamsini na tano. Hapo niligundua jambo la aibu: nilikuwa nashangilia moyoni. Kila yai lililokufa lilikuwa linamtoa wifi kitanzini na kunivisha mimi, nami nilikuwa nayaombea yafe. Sitini na saba, sitini, sitini na nne, sitini na mbili.

Meneja alijumlisha mwenyewe, hakutaka kikokotoo. Mia sita na arobaini katika elfu. Sitini na nne kwa mia.

Akaitoa barua mfukoni akanipa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza karatasi, nirudi mezani nibadilishe jina, maneno mengine yabaki yalivyo, na nikimaliza nimkabidhi mpokeaji ufunguo. Kwa wifi alisema pole. Neno moja tu, lakini kwa Bwana Asilimia hiyo ilikuwa hotuba. Kisha akatoka, na fundi akamfuata akisukuma toroli.

Tulibaki wawili na makelele ya vifaranga. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nilimwomba wifi msamaha. Nilimwambia nilikuwa mjinga, nikamshukuru kwa kunificha miezi yote ile, nikamwambia ana moyo ambao mimi sina. Nilisema mengi, si unajua ulimi wangu.

Aliniacha nimalize. Akachukua ufagio akaanza kukusanya maganda yaliyomwagika sakafuni. Alisema hakunificha kwa wema. Aliomba ufunguo mara mbili, akajibiwa vibaya, akaapa hataomba mara ya tatu. Na angemwambia nini meneja, kwamba dada wa mume wake anatoroka kazini? Halafu jioni arudi nyumba gani, ale sahani ya nani? Alisema hayo bila hasira, huku anafagia.

Kisha akasimama.

"Ulichora kadi arobaini," akasema. "Ulikaa nazo mwisho wa wiki mzima, mezani kwetu, mimi nimeketi mbele yako nachambua mchele. Ulipoona saa zangu zimepanda, mbona hukuniuliza tu, wifi, unabakia nini kule?"

Haikuwa kwamba niliogopa, wala haikuwa kwamba nilisahau. Kumuuliza hakukunijia akilini hata mara moja.